Kabla hujanunua nyumba: namna ya kupima uzuri na kasoro zake

Nyumba ikishakupendeza, macho huanza kuitetea. Unaona sebule pana yenye mwanga, unaanza kupanga viti kichwani, na tangu hapo kila kasoro inayojitokeza unaitafutia udhuru. Ukuta una unyevu? Tutapaka rangi. Barabara ina kelele? Tutazoea. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla hujaingia kwenye nyumba yoyote, na unakwenda hadi siku ya kukabidhiwa funguo.

Jambo moja nakuomba ulishike njia nzima: kasoro za nyumba hazina uzito sawa. Zipo zinazoondoka kwa fundi mzuri na fedha za wastani, na zipo ambazo hakuna fundi awezaye kuziondoa. Mazuri kumi hayafuti kasoro moja ya aina hiyo ya pili. Kazi yako ni kuzitenganisha mapema, kichwa kikiwa bado kimetulia.

Hatua ya 1: Andika haja zenu kabla ya kuona nyumba

Kaa na wote watakaoishi humo, pamoja na watoto waliofikia umri wa kusema wanachotaka. Chora safu tatu: lazima, ingefaa, na hatutaki kabisa. Safu ya lazima iwe fupi, mambo matano au sita. Ikifika kumi na tano, haja zimeshachanganyika na matamanio.

Andikeni maisha yalivyo. Nani huondoka saa ngapi na kwenda wapi? Kuna mzee ambaye ngazi zinamtesa magoti? Kuna anayefanya kazi nyumbani na anahitaji chumba cha kujifungia? Familia inatarajiwa kukua au watoto wanakaribia kuondoka? Fikirieni miaka kumi ijayo. Kununua na kuuza kuna kodi, ada za wakili na malipo ya dalali, na anayelazimika kuuza mapema mara nyingi hujikuta gharama hizo zimekula alichotarajia kupata.

Karatasi hiyo wekeni tarehe. Nyumba fulani ikiwashawishi mwibadilishe, ulizaneni kwanza: tumejifunza jambo jipya kuhusu haja zetu, au tumependa tu?

Hatua ya 2: Tafuta bei kamili

Bei inayotajwa kwenye tangazo ni mwanzo tu. Ukinunua kwa mkopo, riba na muda wa kulipa ndivyo vinavyoamua nyumba itakugharimu kiasi gani. Kwa kila 100 unazokopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ukilipa kwa awamu sawa za kila mwezi kwa miaka 20, utakuwa umerudisha takriban 232. Mkopo uleule ukiulipa kwa miaka 15 utarudisha takriban 193, ilhali awamu ya mwezi itakuwa imepanda kwa karibu asilimia 11 tu. Muulize mkopeshaji pia kama riba inaweza kubadilika. Ikiwa asilimia 12 badala ya 10, awamu ya ule mkopo wa miaka 20 inakuwa kubwa zaidi kwa karibu asilimia 14. Fanya hesabu hiyo leo, uone kama mshahara wako ungeihimili.

Ongeza kodi za uhamisho, wakili, mkaguzi, bima, kodi ya jengo ya kila mwaka, na kwa nyumba za ghorofa za pamoja, ada ya huduma. Kwa matengenezo, kanuni inayotumika sana ni kutenga kila mwaka asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Ni makadirio tu, na nyumba kuukuu hudai zaidi ya hapo.

Kuna jambo la ajabu kuhusu bei iliyotajwa: hukaa kichwani na kuvuta kila hesabu upande wake. Mwaka 1987 watafiti Gregory Northcraft na Margaret Neale walichapisha majaribio waliyofanya Tucson, Arizona. Waliwapeleka wanafunzi na madalali wazoefu kukagua nyumba halisi, wakawapa taarifa zilezile isipokuwa bei ya muuzaji, ambayo waliipandisha kwa baadhi yao na kuishusha kwa wengine. Waliopewa bei ya juu waliikadiria nyumba ileile kuwa na thamani kubwa zaidi, madalali wakiwemo. Na madalali wachache tu ndio waliokiri kwamba bei hiyo iliwaongoza. Ikiwa wenye kazi yao wanavutwa hivyo, wewe na mimi tujilinde. Tafuta bei ambazo nyumba za aina hiyo zimeuzwa kweli katika eneo lile, si bei zinazotangazwa, kisha andika makadirio yako kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Hatua ya 3: Chunguza umiliki kabla hujaipenda

Watu wengi huacha hili hadi mwisho, wakati wameshatoa arubuni, yaani malipo ya awali, na watoto wameshagawana vyumba. Lifanye mapema. Umiliki wenye mgogoro usiuweke kwenye mizani pamoja na jiko na bustani, kwa sababu ukikosa umiliki umekosa kila kitu kilicho juu ya ardhi hiyo.

Nenda mwenyewe au mtume wakili wako kwenye ofisi inayosajili ardhi, usiridhike na nakala uliyooneshwa mezani. Unataka kujua kama jina la muuzaji ndilo lililo kwenye rejesta. Kama nyumba imewekwa dhamana ya mkopo. Kama kuna zuio la mahakama au dai la mtu mwingine. Kama mwenzi wa ndoa au warithi wanapaswa kuridhia. Na kama mtu yeyote ana haki ya kupita kwenye kiwanja. Mpimaji ahakikishe mipaka iliyo ardhini inalingana na ramani. Ukuta wa uzio uliovuka mpaka kwa mita moja unaonekana jambo dogo hadi jirani naye atakapotaka kujenga.

Uliza pia vibali vya ujenzi, hasa vya vyumba vilivyoongezwa baadaye. Chumba kisicho na kibali unakilipia kama chumba, lakini mamlaka inaweza kuagiza kibomolewe.

Hatua ya 4: Kagua nje, pale pasipobadilika

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mimi naongeza kwamba uzuri wake unaanza hata kabla ya kuufikia huo mlango. Jiko, vigae, rangi, hata paa, vyote unaweza kubadilisha. Mteremko wa ardhi, jua, barabara na majirani huwezi.

Anza na maji. Simama mahali pa chini kabisa pa kiwanja ujiulize mvua kubwa ikinyesha maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi. Ardhi inayozunguka nyumba inapaswa kushuka kutoka ukutani kwenda nje. Ikishuka kuelekea nyumba, msingi utakunywa maji kila msimu. Tazama kuta za uzio na za nyumba za jirani, utafute mstari wa matope au doa linalokwenda sambamba na ardhi. Kisha zungumza na watu walioishi pale muda mrefu. Usiwaulize kama eneo hufurika, kwa sababu hakuna anayependa kulisema vibaya eneo lake. Waulize mvua iliyopita maji yalifika wapi. Watakuonesha kwa kidole.

Udongo nao una tabia zake. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi usiojengwa kwa kuzingatia hilo hupanda na kushuka pamoja nao. Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta huzidisha hali hiyo kwa kunyonya maji. Ukiona nyumba nyingi za mtaa mmoja zina nyufa zinazofanana, udongo ndio wa kushukiwa.

Tazama madirisha yanaelekea wapi. Upande wa magharibi hupokea jua kali la alasiri, na chumba cha kulala kilicho upande huo bila kivuli kitakuwa bado na joto usiku unapoingia. Kiwanja kitupu kilicho jirani kichunguze kana kwamba kimeshajengwa: nenda ofisi ya mipango miji uulize kinaruhusiwa kujengwa nini. Mandhari unayoyalipia leo yanaweza kufunikwa na ghorofa nne.

Safari ya kila siku ipime kwa saa, wala usiipime kwa kilomita. Nyumba ikikuongezea dakika 30 kwenda kazini na 30 kurudi, kwa siku tano za wiki na wiki 48 za mwaka, ni saa 240. Hizo ni siku 10 kamili, mchana na usiku, kila mwaka. Ifanye safari hiyo mwenyewe siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa unaifanya.

Hatua ya 5: Ukague mwili wa nyumba

Chukua tochi, futi ya kupimia, gololi na simu ya kupigia picha. Omba ruhusa ya kufungua mabomba, kusogeza makabati na kuchungulia juu ya dari. Muuzaji akikataa jambo mojawapo, liandike.

Nyufa nyingine huwatisha watu kupita inavyostahili, na nyingine huwatisha chini ya inavyostahili. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, chini ya milimita 1, kwa kawaida hutokana na plasta kukauka, na rangi inautosha. Ufa unaozidi milimita 5 ni habari nyingine. Ukianzia kwenye pembe ya dirisha au mlango ukakata mshazari, au ukipanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, sehemu moja ya nyumba huenda inasogea. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, dalili hiyo inazidi nguvu. Toka nje uone kama ufa uleule umetokeza upande wa pili. Tazama kama ulizibwa ukafunguka tena, maana huo ni ushahidi kwamba mwendo haujakoma. Milango inayokwama juu na gololi inayobingirika yenyewe hadi kona moja hutoa ushahidi uleule. Hapo mwite mhandisi wa majengo kabla ya kuendelea.

Unyevu unahitaji subira, kwa sababu doa la aina moja linaweza kuwa na sababu nne na gharama nne tofauti. Unaopanda kutoka ardhini hukaa sehemu ya chini ya ukuta, kwa kawaida hadi kimo cha mita moja hivi, na huacha unga mweupe wa chumvi. Wa paa huacha pete za kahawia kwenye dari. Wa bomba linalovuja haujali mvua wala kiangazi. Na ule wa mvuke wa ndani, unaotokana na kupika na kuoga kwenye vyumba visivyopitisha hewa, huzaa kuvu weusi kwenye pembe na nyuma ya makabati. Huu wa mwisho mara nyingi hutibiwa kwa kuongeza njia za hewa. Wa kwanza unaweza kumaanisha kuchimba kando ya msingi mzima. Wala unyevu usiuchukulie kuwa suala la urembo tu, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na kuvu wa ndani ya nyumba na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya ndani ya nyumba yenye rangi ya zamani, uliza kwa nini.

Panda darini mchana, zima tochi kwa muda. Nukta za mwanga ni matundu. Washa tena utazame mbao za kenchi: zimenyooka au zimepinda, zina alama za maji, zina njia za udongo za mchwa? Gonga mbao za milango na fremu chini kabisa. Sauti ya utupu si dalili njema.

Kwenye maji, fungua bomba mbili kwa pamoja na uvute choo, uone msukumo unapungua kiasi gani. Maji ya kahawia yanayoendelea kwa muda yanaashiria mabomba yaliyoliwa na kutu. Uliza maji taka yanakwenda wapi na shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Kwenye umeme, tazama soketi zenye weusi wa moto, uliza nyaya ni za mwaka gani, na mwombe mwenye nyumba abonyeze kitufe cha majaribio cha swichi inayokata umeme unapovuja. Isipokata, au ikiwa haipo kabisa, ingiza gharama ya fundi umeme kwenye hesabu yako.

Nyumba za zamani zina jambo jingine ambalo macho hayalioni. Mabati ya saruji na bodi za dari za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo aina zake zote husababisha saratani, hasa vumbi lake linapopumuliwa. Usiikwaruze kujaribu, achia wataalamu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa watoto. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, kwa hiyo umri wa jengo unakupa dokezo.

Baada ya ukaguzi wako, mlipe mkaguzi uliyemchagua wewe. Aliyeletwa na dalali anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini anayempa kazi kesho ni dalali, wala si wewe.

Hatua ya 6: Rudi saa nyingine

Nyumba huoneshwa saa inayoifaa. Rudi usiku uone taa za mtaa na usikie kelele. Rudi alfajiri ya siku ya kazi. Na mvua ikinyesha, acha ulichokuwa unafanya uende. Hakuna mkaguzi anayeweza kukuambia kinachosemwa na mvua.

Hatua ya 7: Sasa pima

Mwaka 1772 mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley alikuwa anasita kukubali kazi mpya, akamwomba ushauri rafiki yake Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani. Katika barua ya tarehe 19 Septemba, Franklin hakumwambia aamue nini, bali alimfundisha namna ya kuamua. Gawa karatasi kwa mstari, upande mmoja sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa. Ziandike kwa siku tatu au nne kadiri zinavyokujia, kwa kuwa haziji kichwani zote kwa pamoja. Kisha zipe uzito: sababu mbili zilizo sawa pande mbili zifute zote, moja ikilingana na mbili za upande wa pili, futa zote tatu. Kinachobaki ndicho kinachoamua.

Nguvu ya njia hiyo iko kwenye kufuta. Wanaochora safu mbili na kuhesabu mistari hujidanganya. Chukua nyumba mbili za bei moja. Ya kwanza ina vyumba vinne, jiko jipya na bustani, kasoro yake ni moja: iko bondeni, na majirani wanasema maji yameshaingia ndani. Ya pili ina vyumba vitatu, jiko la zamani, nyaya za kubadilisha na rangi iliyobabuka. Ila iko mahali pakavu na karibu na kazi. Ukihesabu, ya kwanza inashinda kwa mbali. Ukipima, vyote vibaya vya nyumba ya pili vinatengenezeka, na lile baya moja la nyumba ya kwanza litarudi kila mvua ya nguvu.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, gawa kasoro katika mafungu matatu. La kwanza ni vizuizi: umiliki wenye mgogoro, mafuriko, msingi unaosogea, na chochote kilicho kwenye safu yenu ya hatutaki kabisa. Kizuizi kimoja kinatosha kuondoka. La pili ni kasoro zenye bei: omba makadirio ya mafundi wawili, chukua la juu, ongeza moja ya tano kwa yale yatakayofichuka ukuta ukifunguliwa, kisha jumlisha kwenye bei ya nyumba. La tatu ni usumbufu wa kila siku usio na bei, kama kelele, safari ndefu, ukosefu wa mwanga. Hili ndilo ninaloona watu wanalipa uzito mdogo kupita kiasi. Chumba cha ziada cha wageni utakizoea ndani ya miezi michache usikione tena. Foleni ya asubuhi utakutana nayo kila asubuhi.

Ongeza na nyumba ya tatu kwenye karatasi: hapo mnapoishi sasa. Watu hulinganisha nyumba mbili zinazouzwa wakasahau kwamba kubaki kwenye kupanga mwaka mmoja zaidi, huku akiba ikikua, nako ni uamuzi halali wenye faida na hasara zake.

Kila mtu mzima ajaze karatasi yake peke yake kwanza, ndipo mlinganishe. Mkikaa pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika zote mbili.

Hatua ya 8: Geuza kasoro ziwe bei au masharti

Mkiridhika, orodha yenu ya fungu la pili ndiyo silaha ya mazungumzo. Usimwambie muuzaji kwamba nyumba ni ghali. Mwoneshe makadirio ya fundi wa paa na ya fundi umeme, kisha taja bei yako baada ya kuyatoa. Andika kiwango cha juu ambacho hutakivuka kabla ya kuingia kwenye mazungumzo, umkabidhi mtu mnayeaminiana.

Arubuni isitolewe bila maandishi yanayosema lini itarudishwa: umiliki ukionekana una dosari, mkopo ukikataliwa, au ukaguzi ukifichua jambo zito. Ahadi za mdomo za kutengeneza hiki na kile ziingie kwenye mkataba pamoja na tarehe, na wakili wako ausome kabla hujatia sahihi.

Kabla ya kumalizia malipo, pita tena vyumba vyote ukiwa na picha ulizopiga siku ya ukaguzi. Hakikisha tangi, pampu, milango na taa mlizokubaliana zibaki bado zipo, na waliokuwa wanaishi humo wameondoka. Soma mita ya maji na ya umeme mbele ya muuzaji, muandike namba hizo kwenye karatasi ya makabidhiano, mtie sahihi wote wawili, ndipo upokee funguo.